Habari na Hukumu katika Nyaraka za Wanahewa Waliopotea Vitani: Suala la Usomaji kwa Jamaa Mtafiti

1.0 Utangulizi

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia (1939-1945) viliziachia familia nyingi barua badala ya kaburi. Kwa upande wa wanahewa jambo hili lilikuwa zito zaidi kuliko kwa askari wengi wa nchi kavu, kwa kuwa ndege huanguka mahali ambapo wenzake hawapaoni: baharini, msituni, jangwani, au ndani ya nchi ya adui usiku wa manane. Vita vilipokwisha, Wizara ya Anga ya Uingereza ilikuwa na wanahewa zaidi ya 40,000 ambao haikujua walipo. Kitengo maalumu cha upelelezi kilichoundwa mwishoni mwa mwaka 1944 kiliendelea na kazi hadi mwaka 1949. Wapelelezi wake walifukua makaburi yasiyo na majina, wakasoma alama za dobi kwenye nguo na nambari zilizochongwa kwenye injini, wakawahoji mapadri, wakulima na wachimba makaburi. Zaidi ya watu 23,000 walipatiwa kaburi linalojulikana. Wengine wamebaki kuwa majina tu: Mnara wa Runnymede, uliozinduliwa mwaka 1953 kando ya Mto Thames, unayo zaidi ya 20,000.

Wazazi na wajane waliozipokea barua hizo wametangulia mbele ya haki, isipokuwa wachache mno. Anayefungua jalada leo ni mjukuu, mpwa, au kitukuu ambaye hakupata kumwona marehemu, na ambaye mara nyingi hana mafunzo ya kusoma nyaraka za kijeshi. Makala haya yanajadili usomaji huo. Hoja inayotetewa ni kwamba jalada la mwanahewa aliyepotea huchanganya, mara nyingine ndani ya sentensi moja, mambo mawili ya asili tofauti: habari, yaani yale ambayo mtu fulani aliyaona au kuyasikia, na hukumu, yaani yale ambayo ofisi iliamua yahesabiwe kuwa kweli ili mambo yaendelee. Jamaa asiyetenganisha mawili haya hurithi makosa ya ofisi pamoja na karatasi zake.

2.0 Kupotea, Kupotewa, Kufiwa

Inafaa kuanza na lugha yenyewe, kwa sababu Kiswahili kimeuweka utata huu mahali panapoonekana. Kitenzi -potea si elekezi, lakini hukubali kauli ya kutendwa: mama *amepotewa na mwanawe*. Ndivyo ilivyo pia kwa -fa, ambacho kwa kupitia -fia hutupa *amefiwa na mwanawe*. Katika kauli zote mbili aliyeondoka amesogezwa nyuma ya *na*, na kiima ni yule aliyebaki nyumbani. Tofauti ni kwamba aliyefiwa ana jambo la kufanya: kuna kuzika, kuna matanga, kuna arobaini, kuna mirathi. Aliyepotewa hana. Jamaa ya mwanahewa asiyejulikana alipo huishi kati ya vitenzi hivi viwili, na jalada la ofisi ni chombo cha kumtoa katika kimoja na kumwingiza katika kingine.

Njeo nayo ina uzito. *Amepotea* hudumisha hali hadi wakati wa kusema. *Alipotea* husimulia tukio lililopita, na msikilizaji ana haki ya kungoja sentensi ya pili: akapatikana, au akasahauliwa. Atakayehoji wazee wa familia afadhali asikilize ni lini kwao *-me-* iligeuka kuwa *-li-*, maana mara nyingi hapo ndipo barua ya mwisho ilipofika. *Kutoweka* huongeza maana ya ghafla na ya ajabu, na kwa sababu hiyo halifai kufasiria lugha kavu ya ofisi. *Hajulikani alipo* ndiyo fasiri iliyo karibu zaidi, kwa kuwa haisemi lolote juu ya aliyeondoka. Inasema tu kuhusu ujuzi wa anayeandika.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu waliliona tatizo hili zamani. Kwao aliyepotea pasi na habari ni *mafqud*. Mali yake huhifadhiwa, na fungu lake katika urithi wa wengine huwekwa kando, mpaka ithibitike kuwa yu hai au amekufa, au mpaka kadhi ahukumu. Madhehebu yametofautiana juu ya muda wa kungoja, lakini yameafikiana kwamba kadhi anapoamua hadai kuwa ameona maiti. Sheria za kisasa hufanya vivyo hivyo, ila huandika kwa namna inayomsahaulisha msomaji kwamba ni hukumu.

3.0 Tarehe ya Kufa Kama Tendo la Kisheria

Mfano ulio wazi ni tarehe. Sheria ya Marekani ya Machi 1942 kuhusu askari wasiojulikana walipo iliruhusu wizara, miezi 12 ikipita bila habari, kupitia upya jalada na kutamka kwamba mtu amekufa. Tarehe iliyoandikwa katika tamko hilo ilikuwa siku iliyofuata mwisho wa miezi hiyo. Kwa hiyo mtafiti anayekuta kwamba babu yake alipotea tarehe fulani na "kufa" mwaka mmoja na siku moja baadaye asidhani kuwa kulikuwa na kambi ya mateka, kutoroka, au mwaka mzima mafichoni. Familia zimewahi kujenga visa virefu juu ya mwaka huo mmoja ambao haukuwapo. Uingereza ilingoja muda mfupi zaidi, kwa kawaida miezi sita, na barua zake zilisema wazi kwamba kifo kinachukuliwa kuwa kimetokea kwa madhumuni ya kiofisi. Maneno hayo manne au matano ndiyo ya uaminifu kuliko yote katika jalada, na ndiyo wazazi wengi waliyoyachukia.

4.0 Ndege Iliyotafutwa Baharini

Madhara ya kuchanganya habari na hukumu yanaonekana vizuri katika kisa cha ndege ya Kimarekani aina ya B-24 iliyoitwa *Lady Be Good*. Tarehe 4 Aprili 1943 iliruka kutoka Soluch, karibu na Benghazi nchini Libya, pamoja na nyingine, kwenda kupiga mabomu bandari ya Naples. Ilikuwa na watu tisa, na hiyo ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita. Haikurejea. Kilichojulikana ni kidogo: usiku ule rubani William Hatton aliomba kwa redio aonyeshwe mwelekeo, akapewa, kisha kimya.

Hiyo ndiyo habari. Hukumu ikafuata: ndege iliyokuwa ikirudi kutoka ng'ambo ya bahari na isiyofika pwani, bila shaka imo baharini. Ikatafutwa Mediterania, isionekane, na kutoonekana kwake kukazidi kuithibitisha dhana. Dhana ikawa maelezo, na maelezo yakawa ndiyo jibu la familia tisa.

Mwaka 1958 wachunguzi wa mafuta kutoka Uingereza waliona kutoka angani ndege imelala juu ya tambarare ya jangwa la Libya, takriban kilomita 700 kutoka kituo chake, upande wa bara. Walipoifikia mwaka 1959 walikuta redio bado inafanya kazi, bunduki bado zinaweza kufyatua, na hakuna mtu wala mwavuli hata mmoja. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba chombo cha kupimia mwelekeo kilitoa mstari bila kubainisha ndege iko upande gani wa mstari huo. Aliyepima alitarajia ndege itokee baharini. Nayo ilikuwa imekwisha kuvuka pwani gizani na ilikuwa ikielekea kusini.

Mapema mwaka 1960 ilipatikana miili ya watu watano, na katika miezi iliyofuata mingine mitatu. Rubani msaidizi, Robert Toner, alikuwa ameandika daftari dogo la kila siku. Kwa daftari hilo ilijulikana kwamba waliruka kwa miavuli, wanane wakakutana, wakatembea kuelekea kaskazini kwa siku nane wakigawana chupa moja ya maji isiyojaa, wakitumaini kwamba bahari i karibu. Watano waliishiwa nguvu zaidi ya kilomita 100 kutoka pale ndege ilipokuwa. Watatu waliendelea. Wataalamu wa jangwa walikuwa wamekadiria kwamba hakuna binadamu awezaye kufika hata nusu ya masafa hayo, na makadirio hayo nayo yaliwafanya watafutaji wa mwaka 1959 wakomee mbali na miili.

Kwa mtafiti, la msingi hapa ni kwamba hakuna hati hata moja iliyosema uongo. Aliyeandika kwamba ndege haikurejea alisema kweli. Aliyeandika kwamba mwelekeo ulitolewa alisema kweli. Kosa lilikaa katika kiunganishi, katika lile "kwa hiyo" ambalo halikutiwa saini na mtu yeyote. Usomaji wa jalada ni kazi ya kukitafuta kiunganishi hicho.

5.0 Mpangilio wa Ushahidi

Mahali pa kuanzia, kwa ndege za Uingereza, ni daftari la safari za kikosi, lililojazwa siku hiyohiyo au siku chache baadaye, ambalo sasa limo katika Nyaraka za Taifa huko Kew. Daftari hilo hueleza kuruka kwa ndege, saa, wafanyakazi na shabaha. Juu ya mwisho huwa na maneno machache tu, na uchache huo ni sifa yake. Jalada la mtu mmoja mmoja huja baadaye na lina sauti nyingi: mkuu wa kikosi anayemfariji mama, karani anayenukuu taarifa ya Wajerumani iliyopitia Geneva, mpelelezi wa mwaka 1947 anayeeleza alichokuta kaburini. Sauti hizo zisipimwe kwa mizani moja. Barua ya faraja iliandikwa ili ifariji, na ikisema kijana hakuteseka, hiyo ni adabu. Ni mara chache kuwa ushahidi.

Marekani ilitumia fomu maalumu ya taarifa ya ndege iliyopotea, iliyoanzishwa mwaka 1943 na kutakiwa ijazwe ndani ya saa 48. Thamani yake kubwa imo katika nambari za ndege na za injini, na katika maelezo ya walionusurika yaliyoongezwa baadaye. Jamaa wengi hukata tamaa wanapoambiwa kwamba moto wa St. Louis wa Julai 1973 uliteketeza majalada ya askari kati ya milioni 16 na 18. Ni kweli, lakini majalada ya mazishi na utambuzi wa waliokufa hayakuwa miongoni mwa yaliyoungua, na kwa suala hili ndiyo yenye faida zaidi.

Nambari hudai usomaji wa makini kuliko nathari. Mabaki ya ndege ya Uingereza aina ya Stirling yaliyoko katika ziwa la Markermeer, Uholanzi, yalidhaniwa kwanza kuwa ya BK710, na familia za watu wake zikaanza kutumaini. Uchunguzi zaidi ulionyesha kuwa ni BK716, iliyopotea Machi 1943 ikirudi kutoka Berlin na watu saba. Tarakimu moja iliwarudisha watu wa nyumba kadhaa kwenye kupotewa, na kuwahamisha wengine kwenye kufiwa. Mabaki hayo yaliopolewa mwaka 2020.

Ushahidi wa mdomo unaochelewa sana nao una hatari zake. Antoine de Saint-Exupéry, mwandishi na rubani wa Kifaransa, aliruka kutoka Corsica tarehe 31 Julai 1944 asirudi. Kikuku chenye jina lake kilinaswa na wavu wa mvuvi karibu na Marseille mwaka 1998. Mabaki ya ndege yakatambuliwa kwa nambari mwaka 2004. Mwaka 2008 ndipo mzee wa Kijerumani, Horst Rippert, alipojitokeza kudai kwamba ndiye aliyeitungua. Dai lake halikuthibitishwa na nyaraka. Kikuku na nambari ni habari. Dai lililokuja baada ya miaka 64, wakati mahali pa kuanguka pamekwisha kutangazwa magazetini, halina budi kupimwa kwa tahadhari kubwa.

6.0 Mjomba na Mpwa

Jamaa mtafiti ana kitu kimoja ambacho hakimo katika jalada lolote, nacho ni mwili wake mwenyewe. Utambuzi wa mifupa kwa vinasaba hutegemea sana vinasaba vya mitokondria, ambavyo hudumu zaidi katika mfupa wa kale na ambavyo mtu huvirithi kwa mama tu. Matokeo yake huwashangaza wengi: mtoto wa kuzaa wa mwanahewa aliyepotea hafai kwa kipimo hicho, kwa kuwa alichukua vya mama yake. Anayefaa ni mtoto wa dada yake, na mtoto wa binti wa dada huyo.

Katika lugha zinazotumia neno moja kwa ndugu wote wa wazazi, jambo hili huhitaji mchoro wa ukoo ili lieleweke. Kiswahili kinalo tayari. Ami ni ndugu wa baba. Hashiriki vinasaba hivi na mtoto wa nduguye. Mjomba anashiriki na mpwa wake. Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza wazee ni nani anayemwita aliyepotea mjomba. Maelezo ya familia yanayosema "babu mdogo" au "mzee wetu" peke yake hayatoshi, na mhoji asiyejali tofauti hii anaweza kupoteza miaka akifuata tawi lisilofaa la ukoo. Taasisi ya Marekani inayotafuta mabaki ya askari wake, iliyoundwa upya mwaka 2015, huziomba familia vielelezo vya aina hii hata kabla ya mifupa kupatikana, kwa sababu wapwa nao wanazeeka.

Kati ya watu tisa wa *Lady Be Good*, mmoja, Vernon Moore, hajatambuliwa rasmi hadi leo. Katika makaburi ya kijeshi ya Marekani yaliyo nchi za nje, majina ya wasiopatikana huchongwa kwenye kuta. Mtu akipatikana jina lake halifutwi. Huwekewa kando yake alama ndogo yenye umbo la ua.