Bawasiri na Mpasuko wa Njia ya Haja Kubwa: Nani Anahitaji Upasuaji?

Mficha uchi hazai, na maradhi ya sehemu hii hufichwa kuliko mengine. Wengi hufika hospitali wakiwa wamevuja damu miaka mingi, dawa zote za mtaani wameshazimaliza.

Bawasiri ni uvimbe wa mishipa ya damu kwenye njia ya haja kubwa. Mara nyingi hutoa damu nyekundu bila maumivu, au kinyama hutokeza unapojisaidia. Mpasuko ni mchaniko mdogo mlangoni, unaoletwa hasa na choo kigumu. Huo huuma kama wembe, na maumivu yanaweza kudumu saa kadhaa.

Wengi hupona bila kisu. Bawasiri ya daraja la 1 haitokezi nje. Ya 2 hutokeza na kurudi yenyewe. Hizi hutulizwa kwa maji ya kutosha, mboga, matunda na dona, au kwa kufungwa mpira mdogo, kazi ya dakika chache isiyohitaji kulazwa. Upasuaji huwafaa zaidi wenye bawasiri ya daraja la 3, inayorudishwa kwa kidole, na la 4, isiyorudi kabisa. Uvimbe hukatwa, na mara nyingi vidonda huachwa wazi vijifunge vyenyewe kwa wiki 4 hadi 6 hivi.

Mpasuko uliozidi wiki 6 hutibiwa kwanza kwa marhamu ya kulegeza msuli unaobana njia ya haja kubwa. Ikishindikana, daktari hukata sehemu ndogo ya msuli wa ndani. Wengi sana hupona, ila wachache hubaki wakishindwa kuzuia upepo au choo. Mama aliyewahi kuchanika wakati wa kujifungua amweleze daktari kabla ya kusaini fomu ya kukubali upasuaji.

Ukirudi nyumbani baada ya upasuaji, usiizuie haja kwa kuogopa maumivu. Choo kitakauka na kuumiza zaidi. Tumia dawa za maumivu na za kulainisha choo ulizoandikiwa. Kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, hasa baada ya haja. Si lazima kutia chumvi. Matone ya damu ni ya kawaida. Ukitokwa na damu nyingi, hata wiki ya pili, ukipata homa au mkojo ukiziba, rudi hospitali mara moja.

Usipake dawa za kuunguza: makovu yake huweza kuibana njia. Wala usijiambie kila damu ni bawasiri, kwani saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu. Nenda ukapimwe mapema.