Faili Lililofutwa Katika Mtandao wa Ofisi

Katika ofisi za ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Bulyanhulu hadi Geita, matokeo ya kupima sampuli za miamba huwekwa siku hizi katika kompyuta, ndani ya folda ya pamoja. Mjiolojia, mhasibu na karani huifungua folda hiyo kila mmoja akiwa mezani kwake. Ikitokea siku faili halimo, hasara si ndogo. Kuchoronga tundu moja refu hugharimu fedha nyingi, na sampuli iliyokwisha kusagwa na kuyeyushwa maabara hairudi kuwa jiwe. Kinachobaki ni tarakimu, nazo zimo katika faili lililopotea.

Folda ya pamoja, ingawa huonekana katika kila kompyuta, kwa kawaida huwa katika diski ya kompyuta moja kuu iitwayo seva. Seva hufanya kazi ya masjala. Majalada yako rafuni, na karani ana rejesta inayoonyesha kila jalada liko rafu ipi. Anayetaka jalada haingii rafuni mwenyewe. Humwomba karani, naye hutazama rejesta.

Mara nyingi faili linalosemwa limepotea halijafutwa kamwe. Mtu alibonyeza kipanya, mkono ukateleza, na folda nzima ikaburutwa ikaingia ndani ya folda ya jirani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulitafuta kwa jina katika seva yote. Kazi ya pili ni kuuliza juu ya ruhusa: seva huweza kupangwa ili mtu asilione kabisa faili asiloruhusiwa kulifungua, hivyo faili moja likawapo kwa mhasibu na lisiwepo kwa karani. Makarani wengi hulaumiwa bure kwa sababu hii.

Iwapo faili limefutwa kweli, yafaa kufahamu ni nini hasa kilichotendeka. Diski imegawanywa katika vipande vidogo vyenye ukubwa sawa. Ukubwa wa kawaida ni baiti 4,096. Faili la baiti 1,000,000 huhitaji vipande 245, na katika kipande cha mwisho hubaki nafasi tupu ya baiti 3,520. Amri ya kufuta inapotolewa, seva haivipitii vipande hivyo 245 ili kuvisafisha. Hubadilisha alama katika rejesta tu: faili hili halipo, na vipande vyake viko wazi. Maandishi yenyewe hubaki yalipo mpaka faili jingine lipangiwe nafasi hiyo na kuandikwa juu yake.

Hapo ndipo lilipo jambo lililo kubwa kuliko yote katika somo hili. Mara upotevu unapogunduliwa, kuandika katika diski ile kukomeshwe. Watumishi waliomo katika folda watoke, na programu ya kurejesha isiwekwe katika diski hiyo hiyo, maana yenyewe yaweza kukalia vipande vinavyotafutwa. Kila kinachookolewa kihifadhiwe katika diski nyingine.

Watumiaji wa Windows hukimbilia pipa la taka la kompyuta zao, nao hulikuta halina kitu. Faili linalofutwa kupitia mtandao kwa kawaida halipiti katika pipa hilo. Hufutwa moja kwa moja kwenye seva. Badala yake, msimamizi huweza kuiamuru seva itunze hali ya folda kwa saa maalumu, kwa mfano saa moja asubuhi na saa saba mchana. Kampuni ya Microsoft iliingiza mpango huo katika Windows Server 2003, na mtumiaji aweza kuchagua toleo la asubuhi na kulirejesha. Lakini mpango huo lazima uwe umewashwa kabla ya ajali.

Ikiwa rejesta nayo imeharibika, hutumika njia inayofanana na kazi ya wenye mitambo ya marudio huko Geita na Shinyanga, ambao hununua mchanga uliokwisha kuoshwa na kuutafuta tena dhahabu iliyosalia. Programu hupitia diski kipande baada ya kipande bila kutazama rejesta, ikitafuta baiti zinazojulikana kuwa mwanzo wa aina fulani ya faili. Majedwali ya Excel yenye mwisho wa xlsx huanza kwa herufi PK, ambazo ni za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyebuni muundo wa ZIP. Picha za JPEG huanza kwa FF D8. Njia hii hurudisha yaliyomo lakini si jina la faili, nayo hushindwa iwapo vipande vya faili vilitawanyika.

Katika diski za SSD, zisizo na sahani zinazozunguka, matumaini ni machache. Mfumo wa kompyuta huiarifu diski kuwa vipande fulani havihitajiki tena, nayo huvisafisha kwa wakati wake. Hapo hubaki nakala rudufu peke yake. Diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja hazihesabiwi kuwa nakala rudufu, kwa sababu amri ya kufuta huzifikia zote mbili. Nakala iliyowekwa chumba kimoja na seva nayo haitoshi katika nchi ya radi nyingi kama kandokando ya Ziwa Viktoria. Nakala ya ofisi ya Geita hukaa salama zaidi ikiwa Shinyanga mjini.

Jaribio la darasani. Chukua flashi isiyo na kitu cha thamani, iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32. Weka picha kumi, futa tatu, kisha tumia programu ya kurejesha. Katika mfumo huo herufi ya kwanza ya jina fupi la faili lililofutwa hubadilishwa kuwa baiti E5, yaani 229. Ndiyo sababu programu za zamani zilimwuliza mtumiaji herufi hiyo. Rudia jaribio, lakini baada ya kufuta ijaze flashi kwa mafaili mengine.

Maswali. (1) Faili la baiti 10,000 huchukua vipande vingapi vya baiti 4,096, na nafasi tupu ni baiti ngapi? (2) Kwa nini picha za jaribio la pili hazikurudi?