Gitaa la Besi la Bei Nafuu na la Bei Kubwa: Kwaya Inunue Lipi?



Katika somo hili la muziki tunajibu swali ambalo viongozi wa kwaya hutuuliza mara kwa mara: kwaya ikishapata fedha za gitaa la besi, inunue la bei nafuu au ingoje mpaka ipate la bei kubwa? Swali hili linaonekana dogo, lakini limewahi kuvuruga vikao. Vijana wanataka gitaa lenye jina. Mweka hazina anafungua daftari na kutikisa kichwa. Na fedha zenyewe ni za waamini: zimetoka kwenye mavuno ya mahindi, kwenye bahasha za jumuiya ndogondogo, na kwa mama anayeuza maandazi. Si haki kuzitumia kwa kubahatisha.

Kabla ya kulinganisha, tuanze na kosa letu wenyewe.

1. Kosa tulilolifanya

Miaka kadhaa iliyopita tulinunua gitaa la besi la bei nafuu kwa ajili ya kwaya yetu ya seminari. Lilitoka kwenye boksi likaenda moja kwa moja kanisani. Mwenzetu mmoja mwenye sikio zuri alikabidhiwa alipige. Baada ya nusu saa vidole vilimuuma, na kila alipopanda kwenye noti za juu, besi na kinanda havikupatana. Tulimwambia akazane na mazoezi. Akakazana. Mwisho wa muhula aliomba aachiwe aimbe tu sauti ya nne. Tukamkubalia, na baadhi yetu tukasema kwamba hakujaliwa kipaji hicho.

Likizo iliyofuata alipita fundi wa vyombo vya muziki. Alilishika gitaa, akaitazama shingo kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao, kisha akaweka rula. Kwenye freti ya 12, nyuzi zilikuwa juu ya freti kwa zaidi ya milimita 4. Alifanya kazi kwa muda usiozidi saa moja, akitumia funguo ndogo na bisibisi. Gitaa likawa jingine kabisa. Mwenzetu hakuwa na kasoro. Gitaa ndilo lililokuwa halijarekebishwa. Tulimwendea tukamwomba msamaha, naye akarudi kushika besi. Lakini mwaka ulikuwa umekwisha kupotea.

Kisa hiki ndicho kilichotufundisha kulinganisha magitaa kwa namna nyingine.

2. Ndugu wawili wa nyumba moja

Tuchukue mfano unaofahamika. Mwaka 1951 Leo Fender wa California, Marekani, alianza kuuza gitaa la besi la umeme aliloliita Precision Bass. Kabla ya hapo wapigaji wengi wa besi walitumia fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni, ambayo haina freti. Neno "Precision" lina maana ya usahihi: kwa kuwa gitaa hili lina freti, mpigaji hupata noti sahihi kwa urahisi zaidi. Mwaka 1960 ilifuata Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi.

Kampuni hiyohiyo ina jina la pili, Squier, ambalo tangu mwaka 1982 limetumika kwa magitaa yake ya bei nafuu. Kwa hiyo Precision Bass inapatikana kwa ngazi. Ile ya Squier kwa kawaida hutengenezwa barani Asia, nchini Indonesia au China. Kuna ya kati inayotengenezwa Mexico. Kisha kuna ile inayotengenezwa Corona, California. Katika maduka ya Marekani, ya ngazi ya chini huuzwa kwa dola 300 hivi, na ile ya California huvuka dola 1,500. Hapo bado hujalipa usafiri na ushuru. Yaani kwa bei ya gitaa moja la California unaweza kununua matano ya ngazi ya chini.

Je, lile moja ni bora mara tano? Tutazame.

3. Yanayofanana

Urefu wa uzi unaotetema, kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja, ni uleule: inchi 34, yaani sentimeta 86 na kidogo. Nyuzi ni nne na noti zake ni zilezile: E, A, D na G. Uzi mnene kabisa ukiachwa wazi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Hiyo ni oktava nzima chini ya noti ambazo waimbaji wetu wa sauti ya nne huzifikia kwa shida. Umbo ni lilelile, na pikapu iko mahali palepale. Aliyejifunza kwenye gitaa la bei nafuu hahitaji kujifunza upya akikabidhiwa la bei kubwa.

4. Yanayotofautiana

Pikapu. Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana. Hunasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme. Magitaa ya bei nafuu mara nyingi hutumia sumaku za keramiki. Ya bei kubwa mara nyingi hutumia alniko, yaani mchanganyiko wa metali wenye alumini, nikeli na kobalti. Wapigaji wengi husema kwamba alniko hutoa sauti iliyo laini na yenye joto zaidi, na ya keramiki huwa kali kidogo. Tofauti hii husikika, lakini si kubwa kama matangazo yanavyodai.

Shingo. Nyuzi za besi huvuta shingo kwa nguvu mchana na usiku. Ndani ya shingo kuna fito ya chuma ya kuzuia isipinde. Magitaa ya bei kubwa huchaguliwa mbao zilizokauka vizuri, na baadhi huongezewa fito za grafiti. Hili lina maana kwetu, kwa sababu gitaa lililotulia vizuri kwenye unyevu wa Dar es Salaam linaweza kubadilika likipelekwa kwenye ukavu wa Dodoma.

Freti. Hapa kazi ya mkono huonekana. Kwenye gitaa la bei kubwa ncha za freti hulainishwa na urefu wake husawazishwa. Kwenye la bei nafuu, freti moja ikisimama juu kuliko wenzake, noti hukoroma, na ncha ambazo hazikupigwa tupa vizuri hukwaruza kiganja.

Vyuma na nyaya. Vifunguo vya kukazia nyuzi kwenye gitaa la bei kubwa hushika tyuni kwa muda mrefu zaidi. Vitufe vya sauti na tundu la kebo havianzi kukwaruza mapema. Haya hayasikiki siku ya kwanza. Husikika mwaka wa tatu, katikati ya Misa ya Pasaka.

5. Tulipojaribu nyuma ya pazia

Baadaye tulipata kuazimwa gitaa la bei kubwa kwa siku mbili. Tukalirekebisha lile letu, tukayavalisha yote mawili nyuzi mpya za aina moja, tukatumia spika moja. Mpigaji akakaa nyuma ya pazia, akapiga wimbo uleule mara mbili huku kwaya ikiimba. Waimbaji walipoulizwa lipi ni lipi, walibishana bila kuafikiana. Alipopiga peke yake bila waimbaji, wengi walianza kutambua tofauti. Naye mpigaji alisema hakuhitaji kuulizwa: lile la bei kubwa lilimtii zaidi mkononi.

Hatusemi kwamba jaribio letu ni sayansi. Lakini lilitusaidia kuona nani hasa hupokea faida ya bei. Mwamini aliye kwenye benchi la nyuma hupokea kidogo. Mpigaji hupokea zaidi. Na sehemu kubwa ya faida hiyo inaweza kupatikana kwenye gitaa la bei nafuu lililopita mikononi mwa fundi.

James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown huko Detroit, anajulikana kwa Precision Bass yake ya mwaka 1962 na nyuzi za zamani ambazo hakupenda kuzibadilisha. Lilikuwa gitaa zuri, lakini la kawaida kwa wakati wake. Kilichokuwa adimu ni mikono na sikio lake.

6. Msisahau spika

Kwaya nyingi hukosea hapa: fedha zote huishia kwenye gitaa, kisha gitaa huchomekwa kwenye spika ndogo ya matangazo. Spika hiyo haiwezi kutoa mitetemo ya chini kama ile 41 tuliyoitaja. Itatoa mngurumo, na mkizidisha sauti itapasuka. Gitaa la dola 1,500 kwenye spika hiyo litashindwa na la dola 300 kwenye amplifaya ya besi inayostahili. Ushauri wetu ni kwamba nusu ya fedha iende kwenye amplifaya na spika, theluthi kwenye gitaa, na kinachobaki kwenye ufundi, nyuzi za akiba, kebo nzuri na mfuko wa kubebea.

7. Lini bei kubwa ina haki yake

Tusije tukageuza unafuu kuwa fadhila yenyewe. Tumeona kwamba gitaa bovu linaweza kumvunja kijana moyo. Gitaa la bei kubwa lina haki yake pale ambapo mpigaji amekomaa na hupiga kwa saa nyingi kila wiki, pale ambapo kwaya hurekodi studio, au pale ambapo chombo kimoja kitarithishwa kwa miaka 20 au 30. Gitaa la namna hiyo hustahimili kubadilishiwa freti na vipuri, na hata likiuzwa hubaki na thamani. Lakini kama kwaya ina mpigaji anayejifunza, halina haki hiyo bado.

8. Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

(a) Itazame shingo kutoka upande wa kichwa. Iwe na mpindo mdogo sana wa mbele, isijisokote.
(b) Piga kila freti kwenye kila uzi. Sikiliza mikoromo.
(c) Pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12. Milimita 2 hadi 2.5 ni kimo kizuri.
(d) Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 utoe mlio wa filimbi, kisha ubonyeze hapohapo. Milio hiyo miwili iwe noti moja. Ikitofautiana, daraja linahitaji kurekebishwa.
(e) Zungusha vitufe huku gitaa likiwa kwenye spika. Mkwaruzo ni dalili ya uchafu au nyaya mbovu.
(f) Jina kichwani si ushahidi, kwa kuwa magitaa ya kughushi yapo. Ukiuziwa gitaa la jina kubwa kwa bei ya kutupwa, hakiki kwanza namba yake.

Na hata likifaulu yote, lipelekeni kwa fundi kabla halijaingia kanisani.

9. Besi katika liturujia

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 120, uliupa heshima kubwa ogani ya mabomba. Vyombo vingine uliviruhusu kwa idhini ya mamlaka husika, vikifaa kwa matumizi matakatifu, vikipatana na hadhi ya hekalu, na vikiwajenga waamini kweli. Tutambue kwamba bei haimo katika vigezo hivyo. Tena Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 313, yanataka vyombo vitumike kwa kiasi wakati wa Majilio, na katika Kwaresima vitumike kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Mpigaji wa besi asiyejua kunyamaza hatafundishwa na gitaa la bei yoyote.

Besi iliyo sawa haivuti macho. Watu huimba kwa uthabiti zaidi bila kujua ni kwa nini. Siku isipokuwepo ndipo wanahisi pengo.

Hitimisho

Basi jibu letu ni hili: kwaya inayoanza inunue gitaa la bei nafuu lililokaguliwa, ilipie fundi, na iweke fedha zaidi kwenye spika. La bei kubwa lingoje mpigaji aliyelifikia. Na kabla hamjasema kwamba kijana wenu hana kipaji, chukueni rula mpime kimo cha nyuzi. Sisi tulichelewa kufanya hivyo, na aliyelipia uchelewaji wetu alikuwa mwenzetu.

Maswali ya kujadili

1. Katika kwaya yenu, nani hukagua vyombo, na mara ya mwisho ilikuwa lini?
2. Kuna mtu aliyeacha kupiga chombo kwa kukata tamaa? Je, mlichunguza chombo chenyewe?
3. Mkigawanya fedha zenu kama tulivyopendekeza, mngepungukiwa na nini?
4. Katika Kwaresima iliyopita, vyombo vyenu vilitegemeza uimbaji au viliufunika?