Jitume Mwenyewe, Mdogo Wangu

Haya, vuteni viti. Leo nina barua ya mdogo wetu wa kidato cha tatu. Kurasa mbili, mwandiko safi. Anasema ni mpole mno: mwalimu akiuliza swali, jibu analo ila mkono haunyanyuki. Anakaa dawati moja na kipanga, binti mchangamfu asiyekosa neno. Mjomba kamwambia, "Kwa upole huo, shule hutaiweza." Sasa anauliza: "Dada, ni kweli tabia yangu ndiyo itakayoniangusha?"

Mdogo wangu, mjomba kapatia nusu. Tabia ina mkono wake katika matokeo, ila si hiyo aliyoitaja. Mwaka 2009 mtafiti wa Australia, Arthur Poropat, alijumlisha tafiti nyingi kuhusu tabia na masomo, zenye wanafunzi zaidi ya 70,000. Kwa umri wako, upole na uchangamfu havikuwa na uzito wa maana. Iliyoongoza ni kujituma: kupanga kazi, kuianza, kuimaliza. Na haikuwa kivuli cha akili, maana wapo vipanga wasiojituma, nanyi mnawajua. Sikuahidi daraja la kwanza. Nakwambia tu mzigo uko upande upi.

Hebu lisikilize neno lenyewe. Mtoto anatumwa dukani na mama. Anayejituma ndiye mama anayetuma, na ndiye huyo huyo mtoto anayekwenda. Kazi ngumu ni ya yule mama: kusema "nenda sasa" wakati mtoto anataka kucheza.

Wamarekani wawili, Angela Duckworth na Martin Seligman, waliwapima uwezo huo wa kujituma wanafunzi 164 wa darasa la nane, utafiti wao ukatoka mwaka 2005. Miongoni mwa vipimo, kila mtoto alipewa dola moja: aichukue leo, au airudishe apewe mbili wiki ijayo. Waliojaliwa subira na nidhamu walifanya vizuri mwishoni mwa mwaka, na nidhamu hiyo ilitabiri alama vizuri zaidi kuliko kipimo cha akili. Tena hawakuwa na miujiza. Walikosa shule mara chache, walitazama televisheni kidogo, na kazi za nyumbani walizianza mapema.

Mapema! Hapo ndipo ninapokuuma sikio. Wengi wetu tunapiga msuli wa zimamoto: mtihani kesho, leo ndiyo tunakesha. Wewe anza na jambo moja dogo. Usiseme "nitasoma hesabu wiki hii." Sema, "Nikishaosha vyombo vya jioni, nakaa mezani na maswali matano ya hesabu." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelionyesha hilo: azimio lililofungwa kwenye saa na mahali hushikika kuliko nia tupu. Sisi tuna "-ki-" ya bure kabisa, itumie. Siku ukiteleza, usijiite kilaza. Kesho vyombo vitaoshwa tena.

Nikuambie na la upande wa pili. Kujituma hakuwashi taa umeme ukikatika, wala hakuoshi vyombo. Kama kaka yako anasoma saa moja jioni huku wewe unapika, unaosha na kumlaza mdogo wenu, kaa na mama muda wa utulivu, umwombe zamu zigawanywe. Usiende na lawama, nenda na ratiba mkononi. Mzazi huikataa kwa shida ratiba iliyoandikwa vizuri.

Upole wako uache ulivyo. Swali likikukwama, andika kwenye karatasi, mfuate mwalimu baada ya kipindi. Hakuna sheria kwamba lazima uulize mbele ya darasa zima.

Na mwisho, mdogo wangu, nikuulize mimi sasa: hii barua ya kurasa mbili, nani alikutuma uiandike?