Somo la Makatibu: Kutafuta na Kuomba Kumbukumbu za Serikali za Mitaa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wanachama wengi huuchukua usemi huo kuwa unahusu daftari za chama peke yake. Lakini zipo daftari ambazo chama hakizitunzi, nazo huweza kukiokoa siku ya shida: daftari za kijiji na za halmashauri.

Uchukuliwe mfano wa chama cha msingi chenye ghala lililojengwa mwaka 1968, katika kiwanja kilichotolewa na halmashauri ya wilaya. Hati haionekani. Jirani amesimika nguzo za uzio hatua tatu kutoka mlango wa ghala, akidai kuwa mahali hapo alipewa na kijiji mwaka 2005. Wazee walioshuhudia makabidhiano ya awali wamebaki wawili. Ushahidi wao una thamani kubwa, lakini hautadumu kama karatasi.

Kwanza: kuijua ofisi ya wakati ule

Kumbukumbu huifuata ofisi iliyoziandika, na ofisi zimebadilika. Katika Tanzania Bara halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, na kazi zake zikashikwa na watumishi wa Serikali Kuu wilayani na mikoani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, na kazi za vyama vya msingi zikaangukia vijiji. Sheria za mwaka 1982 ndizo zilizorudisha ushirika na serikali za mitaa. Kwa hiyo katibu atafutaye karatasi ya mwaka 1968 asikate tamaa akiikosa katika majalada ya halmashauri ya sasa. Aulize pia katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, na katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako kwa kawaida nyaraka zilizotimiza miaka 30 huruhusiwa kusomwa na wananchi.

Pili: kuanzia kijijini

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Basi, ikiwa jirani alipewa kiwanja mwaka 2005, hapana budi uwepo muhtasari wa mkutano huo. Katibu amwombe Mtendaji wa Kijiji muhtasari wenyewe, pamoja na kuonyeshwa daftari la ardhi ya kijiji.

Tatu: kuandika ombi

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 humpa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Kwa kuwa haki hiyo ni ya raia, ni vema katibu aandike kwa jina lake mwenyewe, kisha ataje cheo chake. Ombi lisiseme "habari zote za kiwanja". Litaje kitu, mahali na miaka. Kwa mfano:

"Naomba nakala ya muhtasari wa kikao cha halmashauri ya wilaya kilichotoa kiwanja cha ghala la chama chetu, kati ya mwaka 1966 na 1968. Iwapo haupo katika ofisi yako, naomba nijulishwe kwa maandishi na kuelekezwa ulipo."

Barua iandikwe nakala mbili. Moja ibaki ofisini. Ya pili irudi chamani ikiwa na mhuri na tarehe ya kupokelewa, kwani siku 30 za kujibiwa huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa. Likikataliwa, katibu adai sababu kwa maandishi, kisha aombe mapitio kwa mkuu wa taasisi. Asiporidhika, apeleke shauri kwa Waziri mwenye dhamana. Jibu la "haupo" nalo litunzwe jaladani: muhtasari wa mwaka 2005 usipopatikana, madai ya jirani yamepungukiwa na nguzo moja.

Maswali ya kujadiliwa na wanachama

1. Ni mali zipi za chama chetu ambazo hati zake hazionekani?
2. Kila mali ilipatikana mwaka gani, na wakati huo ofisi ipi ilikuwa na madaraka?
3. Nani ataandika ombi la kwanza, na lini atatoa taarifa kwa kamati?