Chemsha Bongo ya Kakamega: Jinsi ya Kuandaa Jioni ya Maswali Yanayoshangaza

Mwulize mtu wa Kakamega mji mkuu wa Mongolia. Akikosa atacheka na kuendelea na chai yake. Mwulize ni mnyama gani wa msitu wa kwao asiye na kidole gumba. Akikosa, ataondoka akibishana hadi stendi. Swali linalomkera mtu ni lile ambalo jibu lake limekuwa likimpita mbele ya macho miaka yote. Ndiyo maana huhitaji kitabu cha maajabu ya dunia ili kuandaa jioni ya chemsha bongo. Unahitaji daftari, majuma mawili matatu ya maandalizi na hatua hizi saba.

Hatua ya 1: Jua unawauliza nani

Chama cha akina mama, vijana wa kanisa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, wateja wa hoteli: kila kundi lina yake. Hata hivyo kanuni ni moja: changanya umri katika kila meza. Mzee atamtambua Daudi Kabaka kabla gitaa halijamaliza utangulizi; mjukuu wake atajua michezo ya kompyuta. Meza ya rika moja hujibu raundi moja na kusinzia zilizobaki.

Timu iwe na watu wanne hadi sita. Ukiruhusu kumi, wawili watajibu na wanane watamaliza njugu.

Hatua ya 2: Kusanya habari kutoka karibu

Gawa daftari lako sehemu tatu: msitu, historia, burudani. Anza kujaza.

Msituni hazina ni kubwa. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua iliyowahi kuenea kutoka bonde la Kongo, ndiyo maana una viumbe ambao Mkenya wa kwingineko hawaoni. Nenda Isecheno au Buyangu, utembee na mwongozaji wa pale, na umwulize kila mti una kazi gani. Atakuonyesha mwiritsa, ambao wanasayansi huuita *Prunus africana*. Gome lake husafirishwa Ulaya kutengenezea dawa za tezi dume, na tangu 1995 biashara yake inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Hilo tayari ni swali.

Historia nayo imelala chini ya mitaa. Wapangaji wa Rosterman wanaishi kwenye jina la mgodi. Mwaka 1931 Mmarekani L. A. Johnson aligundua dhahabu Kakamega, na muda si mrefu walowezi wakamiminika na majembe na karai. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria mwaka 1930 ya kuwahakikishia Waafrika ardhi yao. Desemba 1932 sheria hiyo ikarekebishwa ili ardhi yenye madini itwaliwe bila mwenyewe kupewa nyingine badala yake. Ahadi ya milele ilidumu miaka miwili hivi. Ukitaka swali litakaloinua sauti ukumbini, ndilo hilo.

Usisahau wazee. Fika, sema "Mulembe, mzee," kaa, kunywa chai, ndipo uulize. Usimwulize jambo lilitokea mwaka gani. Mwulize alikuwa akifanya kazi gani wakati huo, nani alikuwa chifu, barabara ilipita wapi. Mwaka utautafuta mwenyewe baadaye katika maktaba. Kwa njia hiyo utasikia kwamba makao ya serikali yaliwahi kuwa Mumias kwa Nabongo Mumia kabla ya kuhamishiwa Kakamega mwaka 1920, kisha utakwenda kulihakikisha.

Hatua ya 3: Chuja bila huruma

Hapa ndipo waandaaji wengi huaibika. Jibu moja la uongo likigunduliwa, kila timu iliyoshindwa itadai marudio. Una vichujio vitatu.

Kwanza, vyanzo viwili visivyotegemeana. Tovuti kumi zilizonakili aya ile ile ni chanzo kimoja.

Pili, ogopa maneno "pekee", "wa kwanza" na "mkubwa zaidi". Ukisema Kakamega ndio msitu pekee wa mvua nchini, atainuka mtu wa Nandi. Sema ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya Kongo. Hapo umesimama imara.

Tatu, jaribu unachoweza kujaribu. Ikweta inapita Maseno, safari fupi kutoka Kakamega, na wengi wamewahi kuona mtu akimimina maji kwenye beseni lenye tundu ili kuonyesha kwamba upande mmoja wa mstari yanazunguka kulia na upande wa pili kushoto. Ni burudani nzuri, si sayansi. Mzunguko wa dunia huathiri mwendo wa dhoruba kubwa za baharini, lakini ndani ya beseni nguvu yake ni ndogo mno, na karibu na ikweta inakaribia sufuri. Maji hufuata namna yalivyomiminwa na umbo la beseni. Chukua beseni, mimina maji upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, ukiwa papo hapo jikoni kwako, nayo yatakutii. Liweke swali hilo katika raundi ya "Kweli au Uongo", kisha uonyeshe jaribio mbele ya watu.

Kuna pia habari tamu ambazo hazikubali kuchujwa. Katika filamu ya *Return of the Jedi* ya mwaka 1983, kiumbe aitwaye Nien Nunb anaongea lugha ya Afrika Mashariki. Lugha gani? Wengine wameandika Kihaya, wengine Kikikuyu. Swali lenye majibu mawili si swali; lisimulie wakati wa mapumziko. Hali kadhalika na jiwe linalolia la Ilesi, lile unaloliona ukielekea Kisumu. Usiulize kwa nini linalia, maana kila ukoo una hadithi yake. Uliza liko kando ya barabara ipi.

Hatua ya 4: Geuza habari iwe swali

Habari nzuri huharibiwa na swali bovu. Tumchukue mbega. Ukiuliza, "Je, wajua kwamba mbega hana kidole gumba?" umeshatoa jibu. Ukisema, "Eleza kuhusu mbega," utasahihisha insha hadi asubuhi. Jaribu hivi:

"Mnyama huyu wa msitu wetu ana tumbo lenye vyumba kadhaa ambamo bakteria huchachusha majani. Hushuka chini kwa nadra. Mahali pa kidole gumba ana kinundu tu. Ni nani?"

Angalia muundo wake. Dokezo gumu limetangulia na jepesi likafuata, hivyo anayejua sana anapata fahari na asiyejua ana pa kushika. Jibu ni neno moja, halina ubishi. Na kuna kitu cha kufikiria: tumbo la namna hiyo linaonyesha mla majani, kushuka kwa nadra kunaonyesha mkaa mitini.

Maswali haya yameshapita katika chujio, anza nayo:

1. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ufukweni mwa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu leo. Siku hiyo Kisumu ilikuwa ndani ya nchi gani? *Uganda. Eneo hili lote, Kakamega ikiwemo, lilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902.*
2. Rangi nyekundu kwenye mabawa ya shorobo hutokana na madini yanayopatikana pia ndani ya nyaya za umeme. Madini gani? *Shaba.*
3. Hondohondo jike hufanya nini na mlango wa kiota anapokaribia kutaga? *Huuziba akiwa ndani ya tundu la mti, akaacha ufa mwembamba ambao dume humlishia.*
4. Muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kushinda tuzo ya Grammy uliimbwa kwa lugha gani? *Kiswahili. Ni "Baba Yetu" wa Christopher Tin, kutoka mchezo wa Civilization IV. Ulishinda mwaka 2011.*
5. Ni wimbo gani wa Michael Jackson unaofunguliwa kwa maneno ya Kiswahili, ilhali jina lake linataja nchi ambako Kiswahili hakisemwi? *"Liberian Girl". Anayesema maneno hayo ni Letta Mbulu wa Afrika Kusini.*
6. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ilitamba kwao kwa "Helule Helule". Wimbo huo waliuchukua kwa Mkenya gani? *Daudi Kabaka.*
7. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Seti kamili ina ngoma ngapi? *Tatu: kubwa, ya kati na ndogo.*
8. Kanisa la Friends lilianzia Uingereza katika karne ya 17. Leo ni nchi gani yenye waumini wake wengi kuliko zote? *Kenya. Wamishonari wake walifika Kaimosi mwaka 1902.*

Hatua ya 5: Panga raundi

Raundi nne za maswali manane zinatosha. Kila swali, pamoja na maelezo ya jibu lake, linakula kama dakika mbili; ukiongeza usahihishaji na mapumziko ya chai, saa mbili zimekwisha. Zaidi ya hapo watu huanza kutazama saa na kuulizia matatu ya mwisho.

Fungua kila raundi kwa swali ambalo nusu ya meza zitalipata. Weka magumu katikati. Raundi moja iwe ya sauti: cheza sekunde chache za wimbo, mlio wa ndege au mdundo wa ngoma. Kila timu iruhusiwe kuchagua, kabla ya kuanza, raundi moja ambayo alama zake zitahesabiwa maradufu. Hilo huwapa waliobaki nyuma sababu ya kuendelea kukaa.

Andaa na swali la kutenganisha waliofungana. Liwe la namba, na anayekaribia zaidi ashinde. Kwa mfano: mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka gani? Jibu ni 1952.

Hatua ya 6: Endesha jioni yenyewe

Kwanza hali ya hewa. Mvua ya Kakamega hupenda kuja alasiri, na ukumbi wa mabati ukipigwa na mvua, hata kipaza sauti hakisikiki. Andika kila swali kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, ukae tayari kuliinua. Taa ya kuchaji iwe karibu, maana stima haitoi taarifa.

Simu zote ziwekwe ndani ya kikapu mbele ya ukumbi. Soma kila swali mara mbili, polepole, bila kuongeza neno mara ya pili; neno la ziada hugeuka dokezo. Majibu yaandikwe, yasipigiwe kelele. Raundi ikiisha, meza zibadilishane karatasi na kusahihishana.

Mteue mwamuzi mmoja, mtu anayeheshimiwa na asiye na ndugu mezani. Kanuni yake itangazwe mapema: uamuzi wake ni wa mwisho, isipokuwa kwa mwenye ushahidi wa maandishi. Tahajia isiadhibiwe. Aliyeandika "Kabaka Daudi" amepata.

Unaposoma majibu, usikimbie. Jibu peke yake ni nusu ya kazi. Ukisema "Uganda" na kunyamaza, umewapa alama. Ukieleza kwamba reli iliyoitwa ya Uganda ilifika kweli Uganda, na kwamba ni mpaka uliosogezwa baadaye, umewapa cha kusimulia nyumbani. Nusu dakika inatosha.

Zawadi ziwe ndogo na za kugawanyika mezani: mkungu wa ndizi, kifurushi cha sukari, fungu la mukombero. Zawadi kubwa huleta mawakili.

Hatua ya 7: Kagua daftari siku inayofuata

Kabla hujasahau, weka alama kando ya kila swali. Lililojibiwa na meza zote, lifute. Lililozikosesha meza zote, litazame upya: pengine halikuwa na dokezo. Yaliyogawa ukumbi nusu kwa nusu ndiyo ya kuigwa, chunguza yalivyotungwa.

Kisha mtafute yule aliyebisha sana, aliyesimama akasema jibu lako si sahihi. Akiwa na ushahidi, sahihisha daftari na uipe timu yake alama zake hadharani mkutano ujao. Akiwa hana, mpe kazi ya kutafuta maswali manane ya raundi ya historia, kila moja na vyanzo viwili. Mbishi ana bidii ambayo mwandaaji mmoja hawezi kuifikia, na akishaonja tabu ya kuhakikisha jibu, atakuwa mwamuzi mzuri.