Vidokezo 7 vya Kumkinga Mtoto na Unene Uliozidi

Mtoto bonge husifiwa: "Kanawiri huyo, analishwa vizuri!" Lakini mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, watoto wa umri wa shule wenye unene uliokithiri wamewazidi wenye uzito pungufu. Afrika kusini mwa Sahara haijafika huko. Tuwahi sasa, kabla kisukari na shinikizo la damu havijawafuata wanetu.

1. Soda iwe ya sikukuu. Chupa ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba hivi vya chai. Juisi za pakiti nazo nyingi zimejaa sukari. Kila siku, maji yanatosha.

2. Mfungashie. Hela ya shule huishia kwenye visheti, barafu za rangi na chipsi za mfuko pale getini. Kiazi kitamu, yai la kuchemsha na ndizi vitamshibisha hadi mchana.

3. Mboga isiwe pambo. Mchicha au kisamvu ujaze sehemu kubwa ya sahani, na maharage au dagaa viwepo. Akisema ameshiba, usimlazimishe kumaliza.

4. Mwachie jioni yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili angalau dakika 60 kila siku. Rede, kombolela, kuruka kamba na chandimu vinatosha kabisa. Tuisheni isimalize jioni zote.

5. Simu ipumzike, mtoto alale. Aliye chini ya miaka miwili hahitaji katuni za simu. Wa shule ya msingi anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na kukosa usingizi huongeza hamu ya kula.

6. Mpime, usimbeze. Uzito usomwe pamoja na urefu, kliniki au kituo cha afya. Usimwite "kibonge" wala kumshindisha njaa. Bado anakua, hivyo mara nyingi inatosha uzito usikimbie kuliko urefu. Badilisheni mlo nyumba nzima, asijione ametengwa.

7. Semeni kwenye kikao cha wazazi. Ulizeni duka la shule linauza nini, na kama kipindi cha michezo kinafanyika kweli. Uwanja ukitaka kugeuzwa fremu za maduka, ukataeni mpango huo kwa pamoja. Mzazi mmoja hawezi kushindana na kila kinachouzwa getini.